Ukitaka kuigiza na uko Mwanza, anzia hapa hapa

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuigiza, mara nyingi anakuja na jibu lake mkononi: Dar es Salaam. Ameshapiga hesabu ya nauli, ana namba ya mtu anayejiita prodyuza, na simu yake imejaa picha alizopiga Capri Point jua likizama. Huwa namwambia asubiri kidogo. Dar ina kazi, sibishi, lakini ina pia foleni ya watu waliokwisha kusimama mbele ya hadhira mara nyingi kuliko yeye. Na huku kwetu, mjini, visiwani na kwenye vijiji vya kandokando ya ziwa, kuna hadhira ya bure isiyo na huruma hata kidogo: ukiishika inakaa, usipoishika inaondoka na wewe unaiona ikiondoka. Kwa hiyo mwongozo huu unapita njia hiyo. Kundi kwanza, mtaa na mwalo (pale boti za wavuvi zinapotia nanga na kushusha samaki), halafu ndiyo kamera na chuo.

Jua kazi ziliko

Usitafute jumba la tamthilia lenye tiketi kila Ijumaa. Kazi ya kuigiza Kanda ya Ziwa imetawanyika. Iliyo kubwa, na inayolipa walau nauli na posho, ni maigizo ya uhamasishaji: asasi, halmashauri au mradi wa afya unataka watu wa Igombe, Sengerema au Ukerewe wazungumzie kichocho, mimba za utotoni, ukatili wa kijinsia au uvuvi haramu, na unatafuta kundi la kuwakusanya. Kuna redio na televisheni pia. Radio Free Africa na Star TV zina makao yake hapa Mwanza, na tangazo lolote la biashara lenye watu wawili wanaobishana linahitaji watu wanaojua kubishana kwa mpangilio. Kuna vijana wa filamu na vichekesho vya mtandaoni wenye kamera moja na mipango kumi. Kuna makanisa, ambako Krismasi na Ijumaa Kuu hazipiti bila igizo. Kuna shule.

Na kuna ngoma, ambazo wengi wanaoota uigizaji hawazihesabu kabisa. Hapo wanajipunja. Kundi linaloweza kucheza Bugobogobo, ngoma ya Kisukuma ya wakulima, na majembe yake, kisha likaigiza, linaitwa kwenye shughuli mbili badala ya moja, na ngoma ndiyo inayokusanya watu kabla igizo halijaanza. Kama hujawahi kufika Bujora, pale Kisesa, kwenye Makumbusho ya Kisukuma, nenda. Nenda hasa mwezi Juni wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, ujionee makundi mawili yenye upinzani wa jadi, Bagika na Bagalu, yakishindana. Yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna mwalimu wa jukwaa atakayekufundisha jambo hilo vizuri kuliko kuliona.

Sauti kabla ya sura

Ukumbi wa kwanza wa mwigizaji wa Mwanza hauna paa. Una upepo wa ziwa, pikipiki zinazopita, muuza kaseti za mahubiri na spika yake, na watoto. Kipaza sauti mara nyingi hakuna, na kikiwepo ni kimoja mnachopokezana kama kijiti, jambo linaloua igizo kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo sauti yako ndiyo mtaji.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Nenda na mwenzako uwanja wa shule jioni, wanafunzi wakiwa wameondoka. Simameni hatua tano, mwambie habari za siku yako kwa sauti ya kawaida. Kisha arudi hatua kumi nyuma. Kisha thelathini. Usimpigie kelele, mtu anayepiga kelele anabana koo, na koo likibanwa sauti inapanda juu, inakuwa kali na haifiki mbali. Weka kiganja tumboni, vuta pumzi mpaka kiganja kisukumwe nje, halafu ongea ukiitoa ile pumzi taratibu. Mwenzako akikosa neno anainua mkono, nawe unalirudia. Kesho yake koo likiwasha, ujue ulikuwa unapiga kelele. Punguza, rudi hatua kumi, anza upya.

Angalia sana mwanzo wa maneno. Sisi Waswahili ukanushi tunaubeba mbele, kwenye silabi ya kwanza. Ukisema "hatutalipa" na kuimeza ile silabi, watu wa nyuma wamesikia "tutalipa", na igizo zima limepinduka bila wewe kujua.

Kuhusu lafudhi, usiione haya. Kama Kiswahili chako kina Kisukuma ndani yake, au Kikerewe, au Kijita, hicho ni kitu unachomiliki na ambacho mwigizaji wa Kinondoni anajaribu kukiiga na kukiharibu. Unachotakiwa ni kuweza kukiweka na kukiondoa upendavyo. Jirekodi kwenye simu ukisoma ukurasa wa gazeti mara mbili: kama unavyoongea nyumbani, na kama mtangazaji wa habari. Kama rekodi mbili zinafanana, bado una kazi.

Tafuta kundi, halafu ulichunguze

Njia fupi ni ofisi ya utamaduni. Ukiwa upande wa Nyamagana ni Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Ukiwa Kirumba, Pasiansi au Buswelu ni Manispaa ya Ilemela. Afisa utamaduni anayajua makundi yaliyo hai, na yale yaliyobaki jina na fulana. Ukishindwa kufika huko, uliza kanisani au msikitini kwa wanaoandaa sherehe, uliza shule iliyo jirani ni nani aliwafundisha watoto igizo la mahafali, au fuata ngoma inapopigwa.

Kabla hujajiunga, omba kuangalia mazoezi. Kundi zuri hulitambui kwa picha zake za mtandaoni. Angalia kama mazoezi yaliyosemwa ya saa kumi yanaanza saa kumi au saa kumi na mbili. Angalia kama kuna mwongozaji mmoja au kila mtu anaelekeza. Sikiliza pesa ya onyesho la mwisho inavyozungumzwa: kwa sauti mbele ya wote, au kwa kunong'ona pembeni. Kama wasichana wote wameshaondoka na wamebaki wanaume watupu wanaoigiza hadi nafasi za akina mama, uliza walikokwenda.

Ukikubaliwa, hutapewa mhusika mkuu, na usimdai. Utabeba vifaa. Utaambiwa utafute kanga mbili, sufuria bovu na jembe lisilo na mpini. Fanya kwa moyo, kwa sababu anayeshika vifaa husikia mistari ya watu wote, na siku mtu akiugua mkiwa Nansio, kule Ukerewe, anayeijua nafasi yake ni wewe.

Kama hamna kundi karibu, anzisheni. Watu watano hadi saba wanatosha. Mkizidi kumi na wawili, gari moja haliwatoshi na posho inakuwa ya kununulia soda. Pa kufanyia mazoezi, mwandikieni barua mwalimu mkuu kuomba darasa jioni, na siku ya kwanza mkiondoka mfagie.

Mazoezi: mistari minne, njia nne

Kosa la wanaoanza ni kuigiza hisia. Mtu ameambiwa mhusika ana hasira, basi anakunja uso, anatetemesha mkono, anapayuka. Hasira haichezwi. Kinachochezwa ni kitu ambacho mhusika anakitaka kutoka kwa mtu aliye mbele yake. Hasira itakuja yenyewe akinyimwa.

Chukueni mistari hii. Mama anayenunua dagaa alimpa mvuvi pesa kabla. Asubuhi boti imerudi.

— Ndoo zangu ziko wapi?
— Upepo, mama.
— Upepo wa jana au wa leo?
— Nitakuletea.

Ifanyeni mara ya kwanza mama akitaka pesa yake irudi, basi. Rahisi, na haichekeshi wala haiumizi.

Mara ya pili, mama hataki majirani wajue kwamba amekopesha, kwa sababu pesa ile ilikuwa ya kikoba. Sasa angalia: hawezi kupaza sauti. Anatabasamu kwa wapita njia huku anauma meno. "Upepo wa jana au wa leo" inatoka kwa chini kabisa, na ndiyo inatisha zaidi.

Mara ya tatu, mpe mvuvi kitu. Anataka mama aondoke kabla mke wake hajafika na chai, maana mke haujui mkopo. Kila jibu lake ni fupi kwa sababu jicho liko njiani. Mama anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hajaongeza neno hata moja, lakini kukaa kule ni mstari wa tano.

Mara ya nne, mvuvi anataka kukopa tena. Hebu jaribuni "Nitakuletea" ya mtu anayekaribia kuomba zaidi. Watu watacheka kabla hajaomba.

Mistari haikubadilika. Fanyeni hivyo na kila onyesho mnaloandaa: kila mtu aweze kusema kwa sentensi moja anataka nini kwa nani, na kwa nini sasa hivi. Asiyeweza kusema hajui anachofanya jukwaani, hata kama machozi yanamtoka.

Kukariri kuna ujanja wake. Usikariri mistari yako peke yake, kariri na mstari wa mwenzako unaotangulia, kwa sababu huo ndio utakaokuamsha. Rekodi simuni mistari ya wengine, ukiacha kimya mahali pako, kisha jaza ukiwa ndani ya daladala au ukikaanga chipsi. (Utatazamwa. Zoea.) Na kariri ukitembea, mikono ikifanya kazi ambayo mhusika anafanya, anayekariri amekaa kitandani husahau akisimama.

Makundi mengi ya huku hayaandiki muswada kabisa, yanakubaliana kisa na kubuni papo hapo. Ni ufundi halisi na una nguvu yake, lakini kubaliana na wenzako mambo matatu yasiyobuniwa: mstari wa kufungua, mstari unaoleta mgogoro, na mstari wa kumaliza. Bila hivyo igizo la dakika ishirini linakuwa la saa nzima, na jua linazama mkiwa bado mnagombana kuhusu mahari.

Peleka igizo mwaloni

Sehemu hii nitakaa nayo, kwa sababu ndiyo shule yenyewe.

Kuigiza na jamii badala ya kuihubiria si jambo geni kwetu. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi hiyo Malya, wilayani Kwimba. Hawakufika na igizo lililokwisha kutungwa mjini. Walikaa na wanakijiji wakawasikiliza, na lililojitokeza likawa suala la wasichana kupata mimba na kuacha shule. Igizo na ngoma vikatungwa na watu wa hapo hapo, na baada ya onyesho watu wakabaki kujadiliana. Mpangilio ule ndio bado unaofanya kazi: sikiliza, tunga nao, onyesha, jadili.

Kwa hiyo kabla ya kutunga, nendeni mkakae. Siku mbili mwaloni mkinywa uji na watu zitawapa igizo kuliko wiki mbili za kubuni chumbani. Ulizeni mambo ya kawaida: nani anaamka saa ngapi, nani anamdai nani, nani hawasalimiani. Kama mradi umewaambia mzungumzie kichocho, msiende kuwaambia watu wasiingie ziwani wakati maji ya kunywa, kuoga na kufua yote yanatoka humo humo. Mtaulizwa swali moja na mvulana wa miaka kumi na igizo litakwisha. Tafuteni lile wanaloweza kulifanya kweli, kwa mfano choo, au kwenda kupimwa na kunywa dawa, na mgogoro uwe hapo.

Na msimchore mvuvi kama mjinga. Nimeona igizo linalomtukana mvuvi kwa nusu saa kisha linamwomba abadilike. Anayevua kwa kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, anajua ni haramu. Mpeni sababu yake: deni la injini, watoto, bosi mwenye boti. Hapo hata yeye atasimama kusikiliza, maana mmemsema yeye.

Ruhusa. Mwone mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo huo, na mtendaji wa kijiji au wa mtaa, tena kabla ya siku yenyewe na barua mkononi. Hata mkiwa mmetumwa na halmashauri, nendeni mkasalimie. Mgeni asiyebisha hodi mwaloni hupewa nafasi mbaya, jirani na jenereta.

Siku. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, na taa zinavuta dagaa vizuri usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wengi hawaingii ziwani. Wanashona nyavu, wanarekebisha boti, wako nchi kavu na wana muda. Panga onyesho lako siku hizo za mbalamwezi. Ukienda kipindi cha giza utawakuta wamelala mchana kutwa, na watakaokutazama ni kuku. Mahali penye gulio au mnada, siku ya mnada ina watu wengi lakini wana haraka. Weka igizo fupi.

Mahali pa kusimama. Mchana upepo kwa kawaida unatoka ziwani kuja nchi kavu. Waigizaji wawe na ziwa mgongoni na watu upande wa nchi kavu, upepo uwabebee sauti. Mkigeuza, upepo unawarudishia maneno yenu usoni. Kisha angalia jua: saa kumi jioni, watu wakiwa wamelitazama uso kwa uso, hawawaoni, na wakikunja macho kwa muda mrefu wanaondoka. Upepo na jua vikigombana, fuata jua na ongeza sauti. Chora nusu duara mchangani kwa fimbo, watoto wakae chini mbele ya mstari, wakubwa wasimame nyuma yao. Usipochora, ndani ya dakika tano watoto watakuwa wamekalia sufuria lako.

Ngoma ianze robo saa kabla. Igizo lianze na kitu kinachoonekana, si mazungumzo: mtu anakimbizwa, ndoo inaanguka, wawili wanagombania kitenge. Dakika ishirini hadi thelathini zinatosha.

Kisha kata. Huu ndio ufundi ambao makundi mengi hayana. Igizo lifike mahali mhusika ana njia mbili mbaya, na wote wasimame kama sanamu. Mwezeshaji atoke aulize: huyu dada afanye nini? Mbrazili Augusto Boal aliipeleka mbali zaidi hatua hiyo, akamwita mtazamaji mwenyewe aingie jukwaani achukue nafasi ya mhusika na kujaribu jibu lake. Jaribuni. Mtu wa kwanza atasukumwa na wenzake huku anacheka. Wa pili ataingia mwenyewe. Waigizaji mliobaki ndani, msimlegezee. Kama anasema "namwambia mume wangu ukweli", basi mume ajibu kama mume angejibu kweli, watu waone kama jibu lile linasimama. Mwezeshaji asihukumu, asitoe somo, asimalizie na kauli ya mradi. Kauli ya mradi iko kwenye fulana.

Mlevi atakuwepo. Mwalo usio na mlevi sijauona. Msimfukuze, mwekeeni mtu mmoja wa kundi akae naye, amsikilize, amshike bega. Mara nyingine atatoa maoni bora kuliko ya mtendaji.

Usafiri upangeni mapema. Sengerema imekuwa karibu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, lakini kwa Nansio bado mnategemea meli au kivuko, na kwa visiwa vidogo ni boti. Jaketi za kuokolea maisha zihesabiwe kabla ya ngoma kupakiwa. Mwenye boti akisema hazina haja, tafuta boti nyingine.

Makaratasi

Fupi tu. Msanii na kundi husajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na siku hizi mengi yanafanyika mtandaoni. Kwa kundi andaeni katiba, majina ya viongozi na wanachama, na barua ya utambulisho kupitia kwa afisa utamaduni wenu, ambaye pia atawaambia ada ya mwaka huu. Kupiga filamu kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu. Hilo ni jukumu la mtayarishaji, lakini ukiwa mwigizaji una haki ya kuuliza kama kipo, maana polisi wakifika lokesheni hawachagui. Muswada mlioutunga wenyewe usajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kumpa mtu "ausome". Fungueni akaunti ya benki ya kundi yenye saini zaidi ya moja, na TIN, kwa sababu asasi nyingi hazilipi mkononi. Watoto chini ya miaka 18: idhini ya mzazi kwa maandishi, na hawarudi nyumbani usiku peke yao.

Pesa

Usiache kazi yako. Kama unauza mitumba Mlango Mmoja, endelea kuuza, na chagua kundi ambalo mazoezi yake ni jioni. Kazi za uhamasishaji huja kwa vipindi, bajeti zikitoka, halafu kimya cha miezi.

Mkiitwa, ombeni makubaliano ya maandishi hata kama ni ukurasa mmoja. Maonyesho mangapi, wapi. Nauli na boti juu ya nani. Chakula, na malazi kama mtalala. Malipo lini, na kiasi gani kabla ya kuanza. Nusu ni ombi la haki, kwa kuwa ninyi ndio mnaonunua vifaa. Kodi ya zuio imo ndani au inakatwa juu yake. Picha na video zitatumika wapi, na igizo linabaki mali ya nani. Kipengele hiki cha mwisho makundi hukiruka, kisha mwaka unaofuata wanasikia igizo lao redioni kwa sauti za wengine.

Mkilipwa, gawaneni siku hiyo hiyo, mbele ya wote, kwenye daftari lenye saini. Aliyebeba ngoma naye ana mgao. Acheni kidogo kwenye mfuko wa kundi kwa ngozi za ngoma na nauli ya mazoezi. Nimeona makundi mazuri yakivunjika hapa kuliko mahali pengine pote; yaliyovunjika kwa ugomvi wa nani acheze mhusika mkuu ni machache sana.

Kamera, redio na usaili

Aliyezoea mwalo akikaa mbele ya kamera anapaswa kupunguza karibu kila kitu. Kamera iko karibu kama mtu mnayekula naye sahani moja. Ukimfumbulia macho kama watu wa nyuma ya gulio, utachekesha bila kukusudia. Lakini kile mhusika anachokitaka kibaki kile kile. Ile mistari minne ya dagaa irudieni mmekaa kwenye kochi, simu ikiwarekodi kwa mita moja, na mjiangalie. Redioni ni kinyume cha mwalo kabisa: kaa kiganja kimoja na nusu hivi kutoka kwenye maiki, geuza uso kidogo unapopaza, na kurasa ziwe moja moja bila pini, uziteremshe pembeni bila kukwaruza.

Ukiombwa video ya usaili, simama mbele ya ukuta mtupu, dirisha likiwa mbele yako na si mgongoni, simu imelazwa kwa ubavu na imeegemezwa mahali. Taja jina, umri, mji na lugha unazozijua. Kisukuma kitaje. Kisha kipande cha dakika moja. Usiweke muziki wala kichujio cha kulainisha uso.

Usaili wa kweli haulipiwi. Anayekutaka utume "ada ya fomu" kwenye namba yake ya simu anauza fomu. Usaili haufanyiki gesti, wala usiku, wala peke yako. Nenda na mwenzako, na mwambie mtu mwingine uko wapi. Na anayekudai mwili ili akupe nafasi anatenda kosa la jinai: rushwa ya ngono imetajwa kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa hizo. Hifadhi meseji zote. Mwambie na kiongozi wa kundi lako. Kama kiongozi ndiye mwenyewe, kundi hilo si la kubaki.

Chuo, ukiwa tayari

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na ndiyo mahali wengi huenda kwa cheti na stashahada. Huko maigizo, ngoma, muziki na ufundi wa jukwaa vinakaa pamoja, kwa hiyo anayetoka Mwanza akiwa anacheza ngoma haanzi sifuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada kwa aliyemaliza kidato cha sita na sifa zake. Anayetaka kufundisha aulize Butimba, chuo cha ualimu kilicho hapa hapa Nyamagana chenye jina la siku nyingi kwenye masomo ya sanaa.

Ukiomba nafasi, peleka zaidi ya vyeti vya shule. Barua ya kundi ikieleza ulichokifanya, cheti cha usajili, picha mbili au tatu za maonyesho zenye watazamaji ndani yake, si za kwako peke yako. Andaa vipande viwili vya dakika mbili mbili, kimoja kizito na kimoja cha kuchekesha, uweze kuvifanya bila vifaa, bila maleba na bila kuomba radhi kwamba una mafua. Wakikukatiza katikati usishtuke; wameona walichotaka kuona, au wanataka kukupa maelekezo wakuone ukibadilika. Ukipewa maelekezo, badilika kweli, hata kama unadhani njia yako ilikuwa bora.